Wasiwasi Usiokwisha: Jinsi ya Kumtunza Aliyefungwa na Mawazo Yake

Usafi ni heshima ya nyumba, na uangalifu ni ngao ya askari. Kambini askari hufundishwa kukagua bunduki yake, kuhesabu risasi na kuhakikisha kwamba ghala la silaha limefungwa. Nyumbani mama hunawa mikono kabla ya kupika, huosha vyombo na kuchemsha maji ya kunywa. Mambo hayo yote ni mema, wala hakuna anayepaswa kuyaacha. Hata hivyo, yako maradhi ambayo huvaa nguo za usafi na uangalifu, yakamwingia mtu kidogo kidogo, mpaka mwisho yakamtawala yeye pamoja na jamaa zake wote. Mwenye maradhi hayo hunawa mikono hadi ngozi ikapasuka, na bado hasadiki kwamba imetakata. Hufunga mlango, akaenda hatua kumi, akarudi kuutazama. Akaenda tena, akarudi tena, mpaka saa ya zamu ikampita.

Waganga wa hospitali huyajua maradhi hayo kwa herufi tatu, OCD. Kwa Kiswahili yaweza kuitwa maradhi ya wasiwasi wa kurudiarudia, kwa kuwa yana sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni wazo baya au la kutisha, ambalo huingia kichwani bila kualikwa na likakataa kutoka. Sehemu ya pili ni tendo ambalo mgonjwa hujiona amelazimika kulitenda ili apate kutulia: kunawa, kukagua, kuhesabu, kupanga vitu, kuomba radhi au kuuliza swali lile lile. Tendo hilo humpa nafuu ya muda mfupi tu, kisha wazo hurudi likiwa na nguvu zaidi, mfano wa mdai anayelipwa riba kila siku na deni lenyewe lisipungue.

Katika nchi ambako hesabu imefanywa, imeonekana kwamba baina ya mtu mmoja na watu watatu katika kila watu 100 hupatwa na maradhi haya wakati fulani wa maisha yao. Kipimo hicho kikishika, kikosi cha watu 700 chaweza kuwa na wagonjwa 7 hadi 21. Aghalabu maradhi huanza utotoni au katika ujana, na huwapata wanaume kwa wanawake, wasomi kwa wasiosoma. Wengi huyaficha kwa aibu kwa miaka mingi. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

NENO LA ZAMANI

Waswahili hawakosi neno la jambo hili. Neno wasiwasi limetoka katika Kiarabu, na katika Kiarabu hicho hicho waganga wa leo hulitumia kuyataja maradhi haya. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi. Humo aliyagawa matatizo ya nafsi katika mafungu manne: hasira, huzuni, hofu na wasiwasi. Aliueleza wasiwasi kuwa ni mawazo yasiyokoma, yanayomzuia mtu kufurahia maisha na kutimiza kazi zake.

Wanavyuoni wa Kiislamu walijua pia habari za mtu anayerudia udhu mara nyingi, au anayeanza sala upya kwa kudhani kwamba nia yake haikutimia. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, aliandika risala nzima ya kuwaonya watu wa namna hiyo. Miongoni mwa Wakristo nako wamo waumini waliokwenda kuungama dhambi ile ile kila siku bila kupata amani. Katika dini zote mbili, viongozi wenye hekima waliwashauri watu hao wasiufuate wasiwasi wao. Ushauri huo unakaribia sana ule unaotolewa na waganga wa leo.

SI NIDHAMU, SI WAZIMU, SI UCHAWI

Yapasa kutofautisha maradhi na tabia njema. Askari anayependa kitanda kilichonyooshwa na viatu vinavyong'aa si mgonjwa; anafanya kazi yake, akiimaliza hupumzika na kujivunia. Mgonjwa hafurahii anachofanya. Yeye mwenyewe mara nyingi anajua kwamba tendo lake halina maana, lakini akijaribu kuliacha moyo humdunda na hofu humpanda. Waganga hutumia kipimo chepesi: mawazo na matendo hayo yakila zaidi ya saa moja kwa siku, au yakimharibia mtu kazi, masomo au ndoa, basi hayo ni maradhi.

Wala huyu si mwendawazimu. Hasikii sauti za watu wasiokuwapo. Anajua kwamba mawazo yanatoka katika kichwa chake mwenyewe. Hakurogwa, wala hakulaaniwa. Uchunguzi umeonyesha kwamba maradhi haya huelekea kurithiwa katika baadhi ya koo, na kwamba sehemu fulani za ubongo wa mgonjwa hufanya kazi kwa namna isiyo ya kawaida. Kumfunga kamba, kumchapa au kumwuzia mbuzi wake ili alipwe mpiga ramli ni kumwongezea mzigo.

Maradhi yana sura nyingi. Mmoja huogopa uchafu na vijidudu. Mwingine huogopa kwamba moto wa jiko haukuzimwa. Wa tatu hawezi kutoka nyumbani mpaka viatu vyote vielekee upande mmoja. Polisi wa barabarani wapaswa kuijua sura ya nne: dereva ambaye gari lake likipita juu ya shimo hudhani amemkanyaga mtu. Hurudi kutazama, hakuti kitu. Huendesha kidogo, akarudi tena. Wengine hufika hata kituo cha polisi kuuliza kama kuna ajali iliyoandikishwa. Ofisa aliye kaunta, asipofahamu, aweza kumdhania kuwa ni mhalifu anayetaka kuungama au mlevi anayepoteza wakati wa serikali.

OFISA ALIYEDAIWA KRONI NNE KASORO

Jeshini maradhi haya si mageni. Mwaka 1907, katika mazoezi ya jeshi la Austria na Hungaria, ofisa mmoja wa akiba alipoteza miwani yake, akaagiza nyingine kutoka Vienna. Ilipofika kwa posta, kapteni mmoja alimwambia kwamba luteni fulani amemlipia ada ya kroni 3.80, na kwamba yampasa amrudishie. Siku zilizotangulia, kapteni huyo huyo alikuwa amesimulia habari ya adhabu moja ya kikatili. Basi ofisa yule akashikwa na wazo kwamba asipomlipa luteni yule, adhabu ile itawapata watu anaowapenda. Ajabu ni kwamba alijua wazi luteni hakulipa chochote. Aliyelipa alikuwa mwanamke wa posta. Hata hivyo alitaabika kwa mipango ya kupanda treni na kushuka, kurudi na kuendelea, ili atimize kiapo ambacho akili yake ilikiona kuwa ni upuuzi.

Ofisa huyo alikwenda kwa Sigmund Freud, mganga mashuhuri wa Vienna, ambaye aliitangaza habari yake mwaka 1909 bila kulitaja jina lake. Njia ya Freud ya kuzungumza na kuchimba siri za utoto haikuja kuwa tiba ya maradhi haya. Lakini kisa chenyewe chabaki kuwa funzo. Mtu huyu alikuwa msomi na ofisa. Hakuwa mvivu, hakuwa mwoga, na elimu yake haikumkinga.

MLANGO ULIOFUNGULIWA LONDON

Kwa muda mrefu waganga walikata tamaa. Mwaka 1966 mtaalamu Victor Meyer, wa hospitali ya Middlesex mjini London, alitoa taarifa ya wagonjwa wawili waliotibiwa kwa njia mpya. Badala ya kutafuta chanzo cha hofu, yeye na wauguzi walimkabilisha mgonjwa na kile anachokiogopa, kisha wakamsaidia asitende tendo lake la kujituliza. Kwa mgonjwa aliyekuwa akinawa mno, hata maji ya bomba ya chumbani mwake yalifungwa, na wauguzi wakawa karibu naye mchana kutwa. Hofu ilipanda, kisha ikashuka yenyewe. Mgonjwa akagundua kwa macho yake kwamba balaa aliyoingoja haikuja. Kufikia mwaka 1974 Meyer na wenzake walikuwa wamewatibu wagonjwa 15 kwa njia hiyo. 10 kati yao walipata nafuu kubwa, na waliobaki walipata nafuu kiasi.

Tiba hiyo imerekebishwa tangu hapo. Siku hizi mgonjwa halazimishwi. Hupanda ngazi polepole kwa hiari yake. Anayeogopa uchafu huanza kwa kugusa kitasa cha mlango na kukaa dakika kumi bila kunawa. Juma linalofuata hugusa sakafu. Baadaye hupeana mikono na mgeni na kukaa naye mezani. Hofu ni kama mbwa anayebweka: ukikimbia hukufuata, ukisimama huchoka.

HURUMA INAYODHURU

Hapa ndipo kazi ya jamaa na walezi inapoanza, na hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema. Mume huuliza, "Mama Asha, una hakika umefunga dirisha?" Mke hujibu, "Nimelifunga, Baba Asha." Baada ya dakika tano swali hurudi, na jibu hurudi. Mke mwingine hukubali kuvua nguo mlangoni kila arudipo kutoka sokoni. Watoto hukatazwa kukaa kwenye kiti cha baba. Dada hupelekwa kisimani mara tatu zaidi ili maji ya kunawa yapatikane. Kila mmoja anadhani anampunguzia ndugu yake taabu, kumbe anayalisha maradhi.

Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, nchini Marekani, waliwachunguza jamaa wa wagonjwa wa namna hii, wakakuta kwamba walio wengi walikuwa wakishiriki katika matendo hayo au wakibadili maisha ya nyumba kwa ajili yake. Uchunguzi mwingine uliofuata umeonyesha kwamba kadiri jamaa wanavyoyatii maradhi, ndivyo yanavyoelekea kuwa makali na tiba kuwa ngumu.

Kosa la upande wa pili ni ukali. Kumfokea mgonjwa, kumcheka mbele ya majirani, kumficha sabuni au kumfungia nje kwa ghafla humvunja moyo, na humfanya ajifiche zaidi. Katika nyumba za kambi, ambako familia kadhaa hutumia bomba moja, mke anayekaa bombani saa nzima huchukiwa upesi. Ugomvi wa maji huwa ugomvi wa wake, ukafika kwa waume, na mwisho kwa mkubwa wa kambi. Chanzo chake hakijulikani na mtu.

MWENENDO ULIO BORA KWA MTUNZAJI

Yako mambo ambayo jamaa, jirani au mfanyakazi wa ustawi wa jamii aweza kuyafanya bila gharama.

Kwanza, yatenganishwe maradhi na mtu. Asiambiwe, "Wewe ni msumbufu," bali, "Wasiwasi unakusumbua leo." Kwa maneno hayo mgonjwa na mtunzaji husimama upande mmoja, na maradhi yakabaki upande wa pili.

Pili, yafanywe mapatano wakati mgonjwa ametulia, si wakati hofu imempanda. Wakubaliane kwamba swali la dirisha litajibiwa mara moja tu. Likirudi, jibu liwe moja na la upole: "Swali hilo nimekwisha kulijibu. Najua ni vigumu, tungoje pamoja." Kisha mtunzaji akae naye, amzungumzishe, wacheze bao au wachambue mboga, mpaka hofu ishuke.

Tatu, jambo moja moja. Kama nyumba imezoea kutii amri kumi za wasiwasi, na ianze kuacha iliyo nyepesi kuliko zote. Ikishindwa, irudiwe. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, watunzaji wote wawe na sauti moja. Jeshini amri mbili zinazopingana huvuruga kikosi. Nyumbani nako, mama akikataa kuchunguza kufuli na shangazi akakubali, kazi ya mama hupotea. Jambo hili ni la lazima zaidi katika makao ya wazee na ya walemavu, ambako watumishi hubadilishana zamu. Mapatano yaandikwe daftarini, na kila anayeingia zamu ayasome.

Tano, asisukumwe wala asibebwe. Mtumishi anayempa mgonjwa nusu saa ya kujaribu kuvaa mwenyewe amemsaidia kuliko yule anayemvalisha upesi ili kazi iishe. Ushindi mdogo usifiwe: leo amenawa mara nne badala ya kumi.

Sita, mtunzaji asijisahau. Kazi hii huchosha roho. Jamaa wapeane zamu, na watoto wasifanywe walinzi wa mzazi wao. Mtoto aambiwe ukweli kwa lugha nyepesi: mzazi ana ugonjwa unaomtia hofu, si kosa la mtoto, na anatibiwa.

MAWAZO YA KUTISHA

Iko sura moja ya maradhi haya ambayo imeleta madhara makubwa kwa kutofahamika. Mama aliyejifungua majuzi hushika kisu ili akate vitunguu, mara wazo likamjia kwamba aweza kumchoma mtoto wake. Hushtuka, akakitupa kisu, akakataa kubaki na mtoto peke yake. Askari huwa lindoni na bunduki, likamjia wazo la kumpiga mwenzake risasi, naye akatetemeka kwa chuki ya wazo hilo. Watu hawa hawatamani walichokiwaza. Wanakichukia kuliko kitu chochote, na ndiyo sababu kimewaganda. Maradhi huchagua kile ambacho mtu anakipenda mno, akamtishia nacho.

Wataalamu wanakubaliana kwamba mawazo ya namna hii, yakiwa ni ya maradhi haya, si dalili ya kutaka kutenda. Mama huyo asinyang'anywe mtoto, wala asiitwe mwuaji. Afisa wa ustawi au polisi anayesikia maungamo kama hayo amtafute mganga wa akili kabla ya kukata shauri, kwa maana hukumu ya haraka huwafundisha wengine mia kunyamaza.

Hata hivyo, kazi ya kutofautisha si ya jirani wala ya sajini. Askari akieleza mawazo ya namna hiyo, daktari ndiye wa kumpima, na mkubwa wake ndiye wa kuamua juu ya silaha kwa ushauri wa daktari. Tena, wagonjwa wengi hupatwa pia na huzuni nzito. Anayesema kwamba amechoka kuishi asiachwe peke yake, asiachwe karibu na silaha wala dawa za kuulia wadudu, na apelekwe hospitali siku ile ile.

DAWA NA MAHALI PA KWENDA

Mbali na mazoezi yaliyoelezwa, ziko dawa. Klomipramini imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya maradhi haya hasa. Fluoksetini na sertralini hutumika pia, na mara nyingi ndizo zinazotangulia kwa sababu madhara yake ni machache. Dawa hizo hazifanyi kazi kwa siku moja. Yaweza kupita majuma 12 kabla ya kujua kama zimefaa. Wengi huziacha juma la pili wakidhani wamedanganywa. Zisiachwe kwa ghafla bila ya amri ya daktari, na zisigawanywe kwa jirani.

Uingereza ilitoa mwongozo wa taifa juu ya maradhi haya mwaka 2005, ikashauri kwamba tiba ianze na njia nyepesi na kupanda kwa kadiri ya ukali, na kwamba jamaa na watunzaji washirikishwe. Shauri hilo lafaa hata mahali penye waganga wachache, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hufanyika nyumbani.

Nchini Uganda, hospitali ya Butabika mjini Kampala imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wa akili tangu mwaka 1955, na hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 iliondoa sheria ya zamani. Kwenda kumwona mganga wa akili si kufungwa, wala si fedheha. Familia ya askari yaweza kuanza katika zahanati ya kambi, na kueleza bila kuficha: mawazo gani humjia, matendo gani huyarudia, na saa ngapi kwa siku. Maelezo hayo matatu humsaidia daktari kuliko maneno mengi.

Wakubwa wa vikosi nao wana sehemu yao. Askari hodari anayeanza kuchelewa paredi, ambaye mikono yake imechubuka, au anayeomba kurudi ghalani mara kwa mara, aitwe faraghani na kuulizwa kwa upole kabla ya kupewa adhabu. Siri yake itunzwe. Akienda kutibiwa, ahesabiwe kama yule aliyekwenda kutibiwa malaria au mguu uliovunjika, na arudipo apokewe kazini kwa heshima.

Wagonjwa wengi wanaopata tiba sahihi hupata nafuu, hata kama wasiwasi haukutoweka kabisa. Wengine hubaki na kivuli chake maisha yote, lakini hujifunza kukiacha kipite. Nyumba inayomsubiri mgonjwa wake bila ya kumtii wasiwasi, na bila ya kumtupa mwenye wasiwasi, imekwisha kufanya nusu ya kazi ya mganga.